Kutunga muziki wa gemu: mwongozo kwa anayeanza, kwa mfano wa bao

Maswali huwa ni yaleyale. Nianze na programu gani? Nitunge dakika ngapi? Mbona muziki wangu ukifika mwisho unanyamaza kidogo ndipo unaanza upya? Nimeyajibu kwa simu, kwa ujumbe wa sauti, na ana kwa ana na vijana waliokuja na laptopu begani. Sasa nayaandika pamoja, kwa mpangilio ninaoufuata mimi mwenyewe nikiwa kazini.

Wengi wanaouliza ni watu wanaojua muziki tayari. Wanapiga kinanda kanisani, wanatengeneza biti za Bongo Fleva, wengine wameshika fidla kwenye kikundi cha taarabu. Vidole vyao havina shida. Kinachowakwamisha ni kutunga muziki wa gemu kana kwamba ni wimbo. Wimbo huanza, hupanda, hufika kileleni na kuisha, na msanii ndiye anayeamua kila kimoja kitokee lini. Kwenye gemu anayeamua ni mchezaji. Anaweza kukaa sekunde kumi, anaweza kukaa saa nzima, na muda wote huo muziki wako unatakiwa umsindikize bila kumchosha. Karibu kila hatua hapa chini imezaliwa na jambo hilo.

Tusizungumze hewani. Nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: gemu ya bao kwenye simu. Bao lina awamu mbili zilizo wazi, kunamua (kuingiza kete za mkononi ubaoni) na mtaji (kucheza kwa zilizomo ubaoni tu), na tukifika hatua ya sita utaona kwa nini nimelichagua.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kompyuta. Yenye RAM ya GB 4 inatosha kuanzia kazi, yenye GB 8 haitakusumbua.
- Programu ya kupangia muziki. LMMS ni ya bure kabisa, ila hairekodi kutoka kwenye maikrofoni, kwa hiyo iambatanishe na Audacity, ambayo nayo ni ya bure. Reaper ni nyepesi kupakua na inakupa siku 60 za majaribio bila kufungiwa chochote. Baada ya hapo leseni ya mtu binafsi ni dola 60. Kama umeshazoea FL Studio au nyingine yoyote, baki nayo. Kubadilisha programu hakujawahi kumpa mtu tyuni nzuri.
- Visikilizio vya masikioni, na simu ya bei ya chini. Simu hiyo ni chombo cha studio kama vingine, na nitaeleza kwa nini.
- Kibodi ndogo ya MIDI, yaani ya kuingizia noti kwenye kompyuta, ukiipata. Usipoipata, kipanya kinatosha.
- Godot, programu ya bure ya kutengenezea gemu. Hutaandika kodi ya programu, utaitumia kusikia kazi yako ikizunguka kama itakavyozunguka ndani ya gemu.
- Gemu yenyewe, au angalau video ya mtu akiicheza.

Onyo moja mapema: usitumie plagini (vyombo vya sauti vinavyoongezwa kwenye programu) za wizi. Zinaleta virusi, na siku gemu ikianza kuuzwa hutakuwa na leseni ya kuonyesha. Vyombo vya bure vipo vingi mno kuhitaji njia hiyo.

Hatua ya 1. Cheza gemu kabla ya kugusa kibodi

Kaa nayo nusu saa. Kama haijakamilika, mwombe mtengenezaji toleo lolote linalofunguka, hata kama mashimo bado ni miduara ya kijivu. Zima sauti zote. Kisha andika mchezo mmoja unachukua dakika ngapi, ni kitu gani mchezaji anakifanya mara nyingi kuliko vingine, na ni wapi ulijikuta umekaza mwili.

Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Mzoefu anacheza upesi, lakini anayejifunza anaweza kuukodolea ubao macho dakika nzima akihesabu kete yake ya mwisho itaangukia wapi. Muda mwingi, basi, mchezaji wetu anawaza. Hilo tu limeshatuambia kwamba muziki usimharakishe wala usimsemeshe. Ukae naye kama wazee wanaotazama bao barazani: wapo, wananong'ona, ila mkono si wao.

Hatua ya 2. Andika orodha ya vipande vyote

Usianze na tyuni. Anza na karatasi. Kwa kila kipande andika jina la faili, mahali kinapolia, urefu wake, na kama kinazunguka au kinalia mara moja. Orodha ya gemu yetu inatoka hivi:

- menyu: sekunde 40, inazunguka
- kunamua: sekunde 80, inazunguka
- mtaji: sekunde 80, inazunguka, inaongezwa juu ya kunamua
- ushindi: sekunde 4, mara moja
- kushindwa: sekunde 3, mara moja

Vipande vitano. Anayeanza huwa anakuja na ndoto ya vipande ishirini na anaishia na viwili nusunusu. Gemu ndogo yenye vipande vitano vilivyokamilika inasikika kama kazi ya mtu mzima.

Kuhusu kuimba kwa maneno: pahali pake ni menyu, si katikati ya mchezo. Maneno yanadai kusikilizwa, na anayehesabu kete hana sikio la ziada. Kwenye menyu mtu hajaanza kazi, anaweza kusikiliza. "Baba Yetu" ya Christopher Tin, inayoimbwa kwa Kiswahili, ilikuwa muziki wa menyu ya Civilization IV mwaka 2005, na mwaka 2011 ikawa kazi ya kwanza iliyotungwa kwa ajili ya gemu kupata tuzo ya Grammy. Lugha yetu imeshapita mlango huo, na haikuhitaji kupunguzwa wala kulainishwa ili ipite.

Hatua ya 3. Chagua vyombo vichache, na uviache vingine

Vinne kwa mzunguko mkuu. Vitano ukishindwa kabisa. Famicom, mashine ya gemu ya Nintendo iliyotoka Japani mwaka 1983, ilikuwa na njia tano tu za sauti, na tyuni zilizotungwa ndani ya njia hizo watu wanazipiga mluzi mpaka leo. Vyombo vichache vinakulazimisha utunge.

Kwa bao nimechukua udi, ganuni kwa mbali sana (vyote ni vyombo vya nyuzi vya taarabu), ngoma ya msondo kwa besi, na makofi. Ona nilichokiacha: kayamba. Nilikitaka mno, maana kinaleta pwani yenyewe. Lakini kwenye gemu hii mchezaji anasikia kete zikidondoka shimoni, ta-ta-ta-ta, wakati mwingine dazeni kadhaa kwenye zamu moja ndefu. Sauti ya kete na sauti ya kayamba zinakaa mahali pamoja, juu na kavu. Ukiziweka zote, kete zinapotea, na kete ndizo gemu. Kwa hiyo kabla hujachagua chombo, omba faili za sauti za gemu na uzisikilize. Muziki unasogea pembeni kuzipisha, kamwe si kinyume chake.

Tahadhari kwa wapenzi wa taarabu: maqamu (ngazi za noti za muziki wa Kiarabu) kama Rasti yana robo sauti, yaani noti zilizo katikati ya noti mbili za kibodi, na kibodi ya kawaida haina. Ukiyalazimisha, msikilizaji wa Unguja atajua ndani ya sekunde tatu. Anza na Hijazi, ambayo inapigika kwenye kibodi yoyote: D, E flati, F shapu, G, A, B flati, C. Robo sauti utazifuata ukishajua kupinda noti ndani ya programu yako.

Hatua ya 4. Weka kasi na upige hesabu

Hii ndiyo hatua wanayoiruka, na ndiyo inayowaumiza baadaye. Chagua kasi ambayo urefu wa mzunguko wako utatoka namba kamili.

Kanuni: idadi ya mapigo, mara 60, gawanya kwa kasi. Kwa bao nimechukua mapigo 96 kwa dakika, mapigo manne katika kila kipimo, vipimo 32. Hayo ni mapigo 128. Mara 60, gawanya kwa 96, unapata sekunde 80 kamili. Kila kipimo ni sekunde 2.5. Kwa kuwa faili yetu ina sampuli (nukta ndogo ndogo za sauti) 44,100 kwa sekunde, mzunguko mzima ni sampuli 3,528,000, bila hata moja ya kubaki. Ziandike namba hizo kwenye karatasi yako ya hatua ya 2.

Kila pigo nimeligawa mara tatu badala ya mbili, na hapo chakacha, mdundo wa pwani, inaingia yenyewe. Kasi ya 96 iliyogawanywa hivyo inatikisa bega bila kumkimbiza mtu.

Hatua ya 5. Tunga mzunguko

Chukua simu, nenda mahali pa kimya, imba. Rekodi vipande kumi vya sekunde tano tano na usivisikilize mpaka kesho. Utakachokikumbuka asubuhi kabla hujafungua simu ndicho chenye uhai.

Sasa kipime kwa swali gumu zaidi: kitavumilika mara ya hamsini? Tyuni ya wimbo wa redio inataka kung'ang'ania kichwani. Ya gemu ya kuwaza inatakiwa ikae nyuma kidogo. Mimi hufanya mambo matatu kuilainisha. Naondoa noti ya juu kuliko zote, kwa sababu ndiyo inayochoma ikirudi. Naacha vipimo vitupu, kwa mfano udi unasema vipimo viwili kisha unanyamaza viwili vingine, kama mtu anayemeza chai kabla ya kuendelea na hadithi. Na tyuni kuu haisikiki zaidi ya mara mbili katika sekunde zote 80.

Mpangilio wa vipimo 32 unaoweza kuuiga:

1. Vipimo 1 hadi 8: msondo na makofi, udi unaanza kipimo cha 3 na tyuni kuu.
2. Vipimo 9 hadi 16: udi unajibu kwa chini, ganuni inaingia kwa noti moja moja.
3. Vipimo 17 hadi 24: udi unanyamaza kabisa. Ngoma na ganuni tu. Hapa sikio linapumzika.
4. Vipimo 25 hadi 32: tyuni kuu inarudi ikiwa imebadilishwa, na kipimo cha 32 kinaachwa wazi, bila kufunga tyuni.

Kipimo cha 32 kina kazi moja tu, nayo ni kurudisha kwenye kipimo cha kwanza. Kosa ninalolisikia kila wiki ni mtu kumalizia mzunguko kwa noti ya nyumbani, D kwenye mfano wetu, na kishindo cha ngoma juu yake. Masikio yanasema "umekwisha", halafu muziki unaanza tena, na mchezaji anahisi kama redio imegonga mwamba. Malizia kwa noti inayodai jibu, A au E flati, na jibu lake liwe noti ya kwanza ya mzunguko.

Kuna mbinu ninayoipenda kuliko zote, na haigharimu kitu. Toa udi kwenye faili ya ngoma, uuwekee faili yake yenye vipimo 40, yaani sekunde 100, huku ngoma zikibaki na sekunde 80. Anzisha zote pamoja. Udi na ngoma havitakutana tena mahali pale pale pa mwanzo mpaka zipite sekunde 400, dakika sita na sekunde arobaini. Umetunga chini ya dakika mbili, mchezaji anasikia zaidi ya sita. Sharti lake ni kwamba nyuma pasibadilike kodi, yaani noti zinazopigwa pamoja: kila kitu kikae juu ya D ileile. Kama ganuni yako inahama hama, udi utaiangukia mahali pabaya na utasikika kama umekosea.

Hatua ya 6. Tengeneza tabaka za awamu

Hapa muziki wa gemu unaachana kabisa na wimbo, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kwenye kunamua kila mchezaji ana kete 22 mkononi, na anaziingiza ubaoni moja moja. Zikiisha, mtaji unaanza, na hali ya hewa inageuka. Sasa kila kete iko ubaoni na kosa moja linaweza kukufilisi mstari wa mbele. Mchezaji anapaswa kulihisi badiliko hilo, lakini muziki mpya kabisa ungemkata mawazo katikati ya hesabu.

Suluhisho ni tabaka. Mtaji si wimbo mwingine. Ni faili ya pili yenye urefu uleule wa sekunde 80, kasi ileile, maqamu yaleyale, iliyotungwa ili ilie juu ya ya kwanza. Ndani yake nimeweka dumbaki, ngoma ndogo, inayopiga mapigo ya ndani ambayo msondo uliyaacha wazi, na fidla inayoshikilia A kwa muda mrefu. Faili zote mbili zinaanza pamoja tangu mwanzo wa mchezo, ila ya mtaji sauti yake iko sifuri. Kete ya mwisho ikitoka mkononi, sauti yake inapandishwa taratibu kwa vipimo viwili, sekunde tano. Mchezaji hatasema "muziki umebadilika". Atasogea mbele kwenye kiti.

Wazo lenyewe si geni. Gemu ya Space Invaders ya mwaka 1978 ilikuwa na noti nne tu za besi zinazoshuka, na zilizidi kuharakishwa kadiri wavamizi walivyopungua. Noti nne zilitosha kumfanya mtu atoke jasho. Lakini usiige kwa kuongeza kasi ya faili uliyokwisha kuirekodi: ngoma za asili zikivutwa hivyo zinasikika kama mikebe. Ongeza mapigo ndani ya kasi ileile.

Tunga tabaka ya mtaji huku ya kunamua ikilia, halafu zisikilize kwa njia tatu: ya kwanza peke yake, zote mbili, na ya pili ikiingia mahali popote bila mpango. Ikiingia vizuri kwenye kipimo cha 7, cha 19 na cha 30, umefaulu.

Vipande vya ushindi na kushindwa vitunge kwenye D hiyohiyo, maana vitalia wakati mwangwi wa mzunguko bado uko masikioni. Ushindi usizidi sekunde nne. Kushindwa kuwe kwa heshima: noti mbili za udi zinazoshuka, basi. Aliyefungwa anataka kucheza tena, na tarumbeta ya kumcheka inamfukuza.

Hatua ya 7. Kata mzunguko usiwe na mshono

Ukitoa faili ya sekunde 80 moja kwa moja kutoka kwenye programu ("export"), mwangwi wa noti za mwisho unakatwa kama kwa panga, na faili inaanza ikiwa kavu. Fanya hivi:

1. Nakili vipimo vyote 32 na uvibandike mara moja zaidi mbele yake. Sasa una vipimo 64, sekunde 160.
2. Toa faili nzima kwa WAV, aina ya faili isiyobanwa.
3. Ifungue kwenye Audacity. Chagua kuanzia sekunde 80 kamili hadi sekunde 160 kamili, kwa hesabu ya sampuli, si kwa jicho.
4. Hifadhi sehemu hiyo peke yake. Mwanzo wake umebeba mwangwi wa mzunguko uliotangulia, kwa hiyo mwisho na mwanzo vinaungana.
5. Toa nakala ya OGG, iliyobanwa iwe ndogo, kwa ajili ya gemu, na WAV uitunze.

Usitoe MP3. Faili za MP3 huongezewa kimya kifupi mwanzoni na mwishoni wakati wa kubanwa, na hicho ndicho kimya mnachoniuliza kila siku. Hakuna ufundi wa kutunga utakaokiondoa. Mzunguko wangu wa kwanza niliukata upya usiku kucha nikidhani hesabu yangu ndiyo mbovu, kumbe ni aina ya faili.

OGG inasaidia pia mfuko wa mchezaji. WAV ya stereo ya sekunde 80 ni takribani MB 14. OGG ya kilobiti 128 kwa sekunde ni karibu MB 1.3. Anayenunua bando la siku ataliona hilo kabla ya kuisikia noti yako ya kwanza.

Hatua ya 8. Isikilize kwenye simu ya bei ya chini

Visikilizio vyako vinakudanganya. Spika ya simu haitoi karibu chochote chini ya hezi 200, na msondo mzuri una uzito wake wote huko. Weka faili kwenye simu, iweke mezani, rudi hatua mbili. Kama besi imetoweka, usiiongeze sauti: hutaisikia zaidi, utapata mkoromo tu. Iongezee sehemu ya juu, yaani kofi la kiganja kwenye ngozi, au panda oktava moja.

Kwa sauti ya jumla, kwenye gemu za simu mimi hulenga LUFS −18 (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti kama sikio linavyoisikia), na kilele kisipite desibeli −1. Audacity inaweza kusawazisha faili kwa kipimo hicho. Faili za muziki zote ziwe na uzito unaokaribiana, ila menyu inaruhusiwa kuwa juu kidogo. Usibane na limita (kifaa cha kukandamiza vilele vya sauti) kama unavyofanya kwa nyimbo za redio. Muziki uliobanwa ukutani hauachi nafasi ya kete.

Hatua ya 9. Uweke ndani, kisha kaa nao nusu saa

Kwenye Godot 4: buruta faili ya OGG ndani ya mradi, ibofye, fungua ukurasa wa uingizaji, weka tiki ya kuzungusha, bonyeza kitufe cha kuingiza upya. Kwa tabaka za hatua ya 6, kuanzia toleo la 4.3 kuna AudioStreamSynchronized, inayopiga faili kadhaa zikiwa sambamba na kukuruhusu kupandisha sauti ya kila moja peke yake. Kwenye Unity, programu nyingine ya kutengenezea gemu, kila AudioSource (kitu kinachopiga sauti) ina tiki ya kuzungusha, na faili mbili huanzishwa sambamba kwa amri ya PlayScheduled.

Sasa cheza nusu saa, au pika huku ikilia jikoni. Penye kukuudhi patajitokeza penyewe, na mara nyingi ni noti moja tu. Itoe.

Haki na malipo, kwa kifupi

Kusema muziki ni wako maana yake hakuna sekunde hata moja iliyokatwa kwenye santuri ya mtu. Taarabu ya zamani ina wenyewe, hata kama kanda ilikuwa ya babu yako. Hakimiliki yako inaanza pale ulipotunga. Kusajili kwenye ofisi za hakimiliki, yaani COSOTA kwa Tanzania Bara, COSOZA kwa Zanzibar au KECOBO kwa Kenya kunakupa ushahidi. Na kuna ngoma za unyago na jando ambazo wenyewe hawazipigi hadharani. Hizo ziache kwao, hata kama umepata rekodi yake.

Na mtengenezaji wa gemu mwandikiane, hata ukurasa mmoja: anainunua kazi moja kwa moja au unampa ruhusa ya kuitumia, unalipwa kwa dakika iliyokamilika au kwa kipande, marekebisho ni mara ngapi, na jina lako litaandikwa wapi. Rafiki ndiye wa kwanza wa kuandikiana naye.

Ukikwama

*Kuna "tik" kila mzunguko unapoanza.* Umekata mahali ambapo wimbi la sauti haliko kwenye sifuri, au umekata kwa jicho. Rudi kwenye hesabu ya sampuli. Ikiendelea, fifisha milisekunde tatu mwanzoni na mwishoni.

*Kuna kimya kifupi.* MP3. Au faili ni OGG lakini ulitoa kwa MP3 kwanza ukaibadilisha. Kimya kimehamia nayo. Anza upya kutoka WAV.

*Tabaka mbili zinaachana baada ya dakika chache.* Linganisha idadi ya sampuli za faili zote mbili. Zikitofautiana hata kwa mia moja, zitaachana. Zikiwa sawa, tatizo liko kwenye kodi ya gemu: faili ya pili inaanzishwa mtaji unapoanza badala ya kuanza mwanzoni ikiwa kimya.

*Mwanzo wa kwanza kabisa una mwangwi usiotoka popote.* Ni ule uliobebwa na hatua ya 7. Mwombe mtengenezaji aupandishe muziki taratibu kwa sekunde moja mchezo unapofunguliwa.

*Mtu akipigiwa simu, muziki unaendelea kulia juu ya mazungumzo.* Si kosa lako, lakini lawama zitakufikia wewe. Mwambie mtengenezaji asimamishe sauti gemu inapokwenda nyuma, na ujaribu mwenyewe kwa kujipigia.

*Wachezaji wanazima muziki.* Waulize ni baada ya dakika ngapi. Wakisema mbili, mzunguko wako una kitu kinachochoma, na huwa ni noti ya juu au kofi lenye mwangwi mkali. Wakisema mara moja, muziki una sauti kubwa kuliko kete, ushushe desibeli tatu. Na wakisema wanazima kwa sababu wanasikiliza nyimbo zao wenyewe, hakikisha tu kwamba sauti ya kete inabaki muziki ukizimwa, kila kimoja na swichi yake.